Kona ya Kurudi

Mama aliuliza swali lake mezani, mbele ya watu, sahani hazijaondolewa bado. Angemvuta mwanawe pembeni labda mambo yangekwenda njia nyingine, lakini mama yule hakuwa mtu wa pembeni. Jambo likimkaa rohoni, hulitema palepale lilipomkuta.

"Wewe," alimwambia mwanawe mdogo, "si ndiye unayejifungia chumbani kurusha ndege za kompyuta? Miaka yote umetuchosha masikio, ndege hii inafanya hivi, ile haifanyi vile. Haya, leo umepata kazi. Kampuni imesema kaka yako alikosea. Mimi sikubali. Kaa kwenye hilo dude lako, fanya kama alivyofanya yeye siku ile, halafu Jumapili ijayo uniambie kwa mdomo wako mwenyewe. Mwanangu angeweza kurudi, au asingeweza?"

Shemeji, mke wa yule kaka aliyefariki, aliweka kijiko chini. Macho yake yalimgeukia yule mdogo wa mumewe yakakaa hapohapo.

"Sawa, mama," akajibu yule mwana, akasogeza sahani yake pembeni.

Kwa kazi, alikuwa fundi wa meno ya bandia. Alikuwa na karakana yenye dirisha moja, na nyuma ya karakana vyumba viwili alimoishi peke yake. Madaktari wa meno walimletea taya za plasta, naye akazipandia meno. Kwa jina la utani aliitwa Kapteni Kiti. Jina hilo alipewa na kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa kapteni wa kweli, wa ndege ndogo ya injini moja iliyobeba dawa na vifurushi. "Kwetu tuna makapteni wawili," kaka alipenda kuwaambia wageni. "Mmoja wa angani, mmoja wa kiti." Watu walicheka, na mdogo mtu akacheka nao, maana jina la utani ukilikataa ndiyo umelitia gundi.

Msidhani lakini kwamba alikuwa akicheza. Wanaocheza ni wale wanaopitisha ndege chini ya madaraja na kushangilia ikilipuka. Yeye alikuwa wa madhehebu mengine. Kabla ya kuwasha injini alikagua kila swichi kwa sauti, kama vile kuna mtu kando yake wa kumwitikia. Alisubiri mafuta ya injini yapate moto. Safari ikiwa ya saa tatu, alikaa saa tatu, na kiu ikimshika alivumilia, kwa sababu rubani hasimamishi ndege njiani akaenda jikoni. Hata karakanani alikuwa hivyohivyo. Wateja walitaka meno meupe kama sahani mpya. Yeye aliwabembeleza wakubali rangi kidogo, na jino moja lipande kidogo juu ya mwenzake, maana jino la kweli lina kasoro zake. Ukweli ulikuwa ugonjwa wake, na mtu wa namna hiyo akitenda uongo, uongo humla kuliko unavyomla mtu mwingine.

Ajali yenyewe ilikuwa fupi. Kaka aliruka asubuhi, peke yake na mizigo yake, ndege haijapanda sana, futi mia sita hivi, injini ikazima. Mbele yake palikuwa na shamba lililokwisha kuvunwa, tambarare, pana. Kila rubani hufundishwa tangu mwanzo: injini ikikufia chini chini, usigeuke kurudi ulikotoka, tua mbele, popote, hata kwenye matope, utatoka na aibu lakini utatoka. Chini chini ni wapi hasa, hapo ndipo wanapobishania. Ubaya uko kwenye kona. Ukipiga kona kali bila injini, bawa la upande wa ndani linaweza kuachia hewa, na likishaachia, ndege haisikii tena la mwadhini wala la mteka maji, inadondoka. Kaka hakutua shambani. Alipiga kona ya kurudi, na ndege ikaanguka kiwanja kikiwa mbele ya macho yake.

Kampuni yenye ndege ilichunguza ikatoa jibu: urefu ule ulitosha kurudi, ila rubani aliipiga kona vibaya. Mkono wake ndio uliomponza. Kwa maneno mengine, kapteni mwenye mkono mzuri angekuwa hai leo. Maneno hayo yalitembea. Shemeji aliyasikia dukani, akayasikia kazini kwake, na kila mara aliyajibu kwa sauti ya juu kwamba mumewe alikuwa na mkono kuliko wote waliobaki pale kwenye kampuni. Mama hakujibu mtu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alinyamaza miezi, halafu siku moja mezani akauliza lile swali. Na katika dunia nzima akamuuliza yule ambaye hakupaswa kuulizwa.

Sasa tuseme lile ambalo mama hakulijua.

Miaka miwili kabla ya ajali, Kapteni Kiti alikuwa katika kuchagua. Programu za kurushia ndege ni nyingi, lakini kwa watu wa madhehebu yake zilikuwa mbili tu, na kompyuta yake ilikuwa imeelemewa na zote mbili, ilibidi abaki na moja. Ya kwanza ilikuwa nzuri ya kutisha. Ilitengenezwa kwa picha zilizopigwa kutoka angani, ukiruka unaona mji wako mwenyewe, barabara yako, na tangi la maji juu ya paa la jirani yako. Ya pili ilikuwa na sura mbaya. Nyumba zake zilikuwa kama vipande vya sabuni, miti yake kama mifagio iliyosimamishwa. Lakini ndege iliyokuwa ndani yake ilikuwa ndege. Ilikuwa nzito pale ndege inapokuwa nzito, na ukiikosea inakuua bila kukuomba radhi.

Kaka ndiye aliyezipa majina baadaye. Ile nzuri aliiita Bi Harusi, kwa sababu ukimkosea anatabasamu tu. Ile nyingine aliiita Mwalimu wa Zamu. "Huyo ukichelewa kidogo tu," alisema, "unapiga magoti."

Kwa mtu mwenye maradhi ya ukweli, uchaguzi haukuwa mgumu. Kapteni Kiti alishazipima zote mbili kwa miezi. Alishabishana na wenzake wa mtandaoni, watu wasiowahi kuonana naye uso kwa uso lakini wanaoweza kugombana wiki nzima juu ya pedali. Alijua hasa kasoro ya Bi Harusi ilipo. Ilikuwa kwenye kona kali bila injini. Pale ambapo bawa lilipaswa kuachia hewa, haliachii. Ndege inazunguka taratibu, inakurudisha nyumbani. Alishawaandikia wenzake kwa hasira kwamba hiyo si ndege, ni kishada. Alikuwa amebakiza siku chache tu amfute Bi Harusi na kumkaribisha Mwalimu moja kwa moja.

Ndipo kaka alipopita Jumapili moja kuchukua ngazi aliyoazimisha, akakuta mdogo wake yuko angani.

"Hebu toka hapo," kaka alisema kwa mzaha, akakaa kwenye kiti. Akashika usukani. Akaruka juu ya mji, na mzaha ukamwisha. Aliuona mto ukiwa na kipindo chake kilekile, akaliona paa la kiwanda lenye matangi mekundu, ambalo kila siku ya kazi alilitumia kama alama ya kugeukia. Akazunguka juu yake mara ya pili.

"Mdogo wangu," alisema mwishowe, "hii ndiyo ofisi yangu. Hii hapa."

Akabaki mpaka jioni. Ngazi aliisahau. Alipokuwa akiondoka aliuliza, kama mtu anayeomba, "Jumapili ijayo nikija nitakuwa nakusumbua?"

Hapo ndipo pa kumwelewa huyu mtu, hata kama hamtamsamehe. Tangu wakiwa watoto, yeye ndiye aliyekuwa akikimbia nyuma ya kaka, akiachwa, akiitwa mzigo. Kaka alikwenda angani, yeye akaenda kwenye meno. Na sasa kaka yule yule alikuwa akibisha hodi mlangoni kwake. Jumapili iliyofuata alijaribu kumwekea Mwalimu wa Zamu. Kaka alirusha kidogo, akaanguka wakati wa kutua, akavuta pumzi. "Mimi hizi nyumba za sabuni sizitaki," alisema. "Wiki nzima nateseka kazini, Jumapili nako niteseke?" Akaaga mapema. Wiki ile fundi alimfuta Mwalimu wa Zamu kwenye mashine yake, na wenzake wa mtandaoni hakuwaambia chochote.

Kaka akarudi, na akawa anarudi kila Jumapili. Walinunuliana vinywaji, walichekana, walizeeka pamoja kidogo. Mchezo wao mkubwa aliubuni kaka mwenyewe: kuzima injini ndege ikiwa imetoka tu kuruka, halafu kuona nani atarudi kiwanjani kutoka chini zaidi. Kazini jambo hilo halijaribiwi. Nani ajaribu kifo ili ajue ladha yake? Hapa lilijaribika. Kaka alirudi kutoka futi elfu. Akarudi kutoka mia nane. Siku aliyorudi kutoka mia sita aliruka kutoka kitini kama mtoto.

"Kumbe inawezekana!" alisema. "Wanatutisha bure wale walimu wetu. Kumbe mtu mwenye mkono anarudi!"

Neno lilifika ulimini. Mdogo mtu alikuwa nalo kabisa: *kaka, hapa inadanganya.* Lakini kaka alikuwa amemwekea mkono begani, mkono mzito wenye furaha, na kwa miaka arobaini alikuwa hajawahi kuwekewa mkono huo.

"Rudia tena," akasema badala yake. "Tuone kama si bahati."

Kaka akarudia. Akarudia Jumapili ile na nyingine nyingi, na mkono ukishazoea jambo, siku ya hofu hauulizi kichwa.

Wiki baada ya swali la mama, fundi hakufanya kazi iliyoeleweka. Alipanda meno ya mzee mmoja kwenye taya la mama wa watu, na hakuligundua kosa mpaka daktari alipompigia simu akicheka. "Fundi, huyu mama akivaa hivi vitu atauma sikio lake mwenyewe." Fundi naye alicheka ili mambo yaishe, akaweka simu chini, akakaa na vumbi la plasta mikononi bila kunawa.

Alikuwa amejua tangu siku ya msiba. Aliposikia tu kwamba ndege iligeuka, alijua, hata kabla hajauliza iligeukia upande gani. Lakini kujua na kuona ni vitu viwili, na yeye alikuwa mtu wa kupima. Jumamosi mchana alinunua diski nyingine, akafunga pazia, akamrudisha Mwalimu wa Zamu. Akaweka ndege ya aina ileile, mizigo ya uzito uleule, upepo wa asubuhi ile. Akaruka. Futi mia sita, akazima injini, akapiga kona ya kurudi kwa utaratibu wote anaoujua. Bawa likaachia. Ndege ikatazama ardhi, ikaenda.

Akajaribu kona ya taratibu, akakosa urefu. Akajaribu kali, bawa likaachia mapema. Akajaribu kulia badala ya kushoto. Alikuwa bado anajaribu pale mlango ulipogongwa na shemeji akaingia, yuko na nguo za kazini.

Shemeji alikuwa mtu wa mapokezi hospitalini. Kutwa nzima alisikiliza watu wanaosema "si kitu, ni kichwa tu" huku wameshika tumbo.

"Nimekuja kuona," alisema.

"Kuona nini, shemeji?"

"Hicho utakachomwambia mama kesho. Sitaki kukisikia mezani kama mgeni mwalikwa."

Kwenye kioo cha kompyuta ndege ilikuwa imechomeka pua ardhini, kati ya nyumba za sabuni. Fundi akaifunga haraka. Hakupanga, mkono wenyewe ndio uliokwenda, na mkono ulimfungua Bi Harusi. Mto ukatokea, na matangi mekundu, na mwanga wa asubuhi.

Shemeji aliweka kiganja mdomoni. "Hivi ndivyo alivyokuwa anaona?"

"Ndivyo hivi."

Fundi akaruka. Futi mia sita, akazima injini. Chumba kikajaa sauti ya upepo peke yake. Akapiga kona, na Bi Harusi akageuka naye kwa upole, bila kuulizauliza, mpaka kiwanja kikaja mbele na magurudumu yakagusa lami.

Shemeji hakulia. Alikitazama kile kiwanja mpaka ikawa vigumu kumtazama.

"Kumbe angerudi," alisema. "Mimi ninagombana na watu kwa ajili yake, nimenuniana mpaka na dada zangu, kumbe wanasema kweli. Kaniacha na nyumba, kaniacha na midomo ya watu, kwa kona moja aliyoshindwa kuipiga. Hata wewe umeiweza. Wewe, mtu wa meno!"

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Kesho angesema hivyohivyo kwa mama, na shemeji angekuwa shahidi wake, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Kapteni Kiti aliona njia hiyo ilivyonyooka na akaona aibu kwamba ilimvutia.

"Na ile nyingine?" shemeji akauliza.

"Ipi?"

"Ile niliyoikuta ukaifunga. Umeifunga kama mtu aliyefumaniwa."

"Ile ni programu nyingine tu. Ina sura mbaya."

"Iwashe."

Akaiwasha. Akaruka, akazima, akapiga kona. Ndege ikaanguka. "Tena," shemeji akasema. Ikaanguka. "Tena." Ilipoanguka mara ya tatu alivuta kigoda akakaa karibu naye.

"Shemeji. Kati ya hizi mbili, ya kweli ni ipi?"

"Sijui."

Alimgeukia mzimamzima. "Hujui? Tangu nimeolewa kwenu sijawahi kukusikia ukisema hujui habari ya ndege. Uliwahi kutusimamishia chakula utueleze kwamba ndege ya kwenye sinema imelia sauti ya ndege nyingine. Chakula kikapoa! Leo hii, hili moja, ndilo hujui?"

Akaonyesha kioo kwa kidole. "Hii yenye sura mbaya."

"Ndiyo ya kweli?"

"Ndiyo ya kweli. Hakuna ambaye angerudi, shemeji. Hata angekuwa nani."

Uso wa shemeji ukafunguka. Ulikuwa haujafunguka tangu msiba. "Kwa hiyo mkono wake ulikuwa safi."

"Safi kabisa."

"Nilijua! Nilijua mimi." Akajifuta macho kwa mkono wa gauni lake, akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Fundi aliliona swali likija tangu mbali. "Lakini basi kwa nini aligeuka? Alikuwa na shamba mbele yake, kubwa. Mtu wa miaka yote ile hewani, kwa nini ageuke kama haiwezekani?"

Fundi akageukia usukani.

"Jumapili," shemeji akasema taratibu. "Jumapili alipokuwa anakuja hapa. Alikuwa anarusha ipi?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kifo kilikwisha kutangulia. Akamwambia yote. Akamwambia habari ya uchaguzi, ya mchezo wa kuzima injini, ya futi mia sita, ya "kumbe inawezekana." Alisema akiwa anautazama usukani.

"Ulijua kwamba inadanganya?"

"Nilijua."

"Toka mwanzo?"

"Toka mwanzo."

"Na ukamwangalia tu anajifunza."

"Ningemwambia, angeacha kuja," alisema. Alilisikia neno lenyewe lilivyotoka, dogo, la kitoto, na hakuwa na jingine la kuongeza.

Shemeji alisimama akatafuta mkoba wake, ambao ulikuwa begani kwake muda wote. Fundi alinyoosha mkono kumsaidia.

"Usinishike," alisema. "Kesho utamwambia mama. Kila kitu. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi sitachagua maneno."

Fundi alilala bila kulala, na asubuhi alijikuta ametulia. Angesema. Mama angemfukuza, pengine angemlaani, na yote mawili yalikuwa haki yake. Alipokuwa akinyoa alijizoeza: *mama, asingeweza kurudi, na aliyemdanganya ni mimi.* Kila alipolisema lilipungua uzito kidogo. Alifika kwa mama kabla ya wakati.

Mama alikuwa amevaa nguo yake nzuri, ile ya kuendea mambo makubwa. Aliandaa meza mwenyewe, kuku mzima, akakataa kusaidiwa. Alipakua kwa haraka, mchuzi ukamwagika kwenye kitambaa, naye hakuupangusa. Shemeji alikuwa amekaa upande wa pili, macho mekundu, hajamsalimia mtu isipokuwa mama.

"Kabla hujasema," mama alimwambia mwanawe, "ngoja nami niseme. Nimewaza wiki nzima. Kaka yako hakuwa mjinga. Kama utaniambia asingeweza kurudi, basi nitajua kitu kimoja. Hakugeuka kwa akili yake. Kuna mtu alimwaminisha kwamba inawezekana. Huko kwao kazini, wakubwa wake, waliomfundisha, simjui. Lakini yupo. Na huyo mtu, nawaapia hapa niliposimama, nikimjua sitamsamehe. Nimezaa wawili. Amenipokonya nusu ya uzazi wangu. Sitamsamehe hapa, na nikifa msimruhusu kushika udongo wa kaburi langu." Akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Haya. Sema."

Maneno ya asubuhi yalikuwepo, yote, kwa mpangilio wake. "Mama," akaanza.

"Angeweza kurudi," shemeji akasema.

Mama akageuka.

"Tuliangalia jana, mama, mimi na shemeji. Nilikaa palepale nikaona kwa macho yangu. Angeweza. Ni kona tu, aliikosea." Alisema huku akitazama doa la mchuzi kwenye kitambaa, kwa sauti ya mtu anayesoma jina la mgonjwa asiyemjua.

Mama alimrudia mwanawe. "Ni kweli?"

Hakuna aliyemzuia. Shemeji hakumkonyeza wala kumtazama. Aliendelea kulitazama lile doa, na mkono wake ulikuwa umeshika uma lakini hauli. Fundi alimtazama mama, akaona jinsi shingo yake ilivyokonda tangu msiba, akaona alivyomkazia macho, yeye, nusu iliyobaki. Aliogopa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

"Ni kweli, mama."

Mama alikaa chini polepole. Miezi yote ile alikuwa hamruhusu mtu kulitaja jina la marehemu kwa ubaya, wageni waliosahau waliondoka bila chai. Sasa alitikisa kichwa, na kitu kilichokuwa kimesimama ndani yake kikaonekana kulala.

"Alikuwa na kichwa kigumu," alisema. "Toka mdogo. Ukimwambia usipande, anapanda. Nilimwambia mimi, tafuta kazi ya chini." Akapangusa macho. "Basi. Alijitakia mwenyewe, basi. Nimekubali."

Shemeji aliweka uma chini taratibu, akaomba radhi, akaenda jikoni. Walisikia bomba la maji likifunguliwa, na halikufungwa.

Mama alivuta sinia. Akachagua paja la kuku, lile kubwa, lile ambalo katika nyumba ile tangu zamani lilikuwa la mkubwa, akaliweka kwenye sahani ya mwanawe, akalimwagia mchuzi.

"Kula, mwanangu," alisema, akimpapasa mkono. "Afadhali wewe. Wewe ndege zako haziui mtu."

"Asante, mama," akasema, akala.